Nani Analeta Mbegu, Nani Anavuna? Fiqhi ya Ushirika na Muhogo wa Lunyo

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Muzaraa ni mmoja wa milango ya fiqhi ambayo sisi wanafunzi huipita mbiombio. Kwenye mauzo na riba tunakuwa macho, lakini tukifika kwenye habari za mwenye shamba na mwenye jembe tunaona ni mambo ya Madina ya zamani, ya mitende na mifereji. Darsa hili linataka kuuchukua mlango huo na kuupeleka Lunyo.

Kwa asiyepajua, Lunyo iko Busia ya Uganda, katika nchi ya Wasamia, karibu na ziwa na karibu na mpaka wa Kenya. Ukielekea kaskazini unafika Busia mjini, kisha Malaba na Tororo. Watu wa huku wana shangazi upande mmoja na wajomba upande wa pili, na hata neno bodaboda limezaliwa kwenye mipaka hii, kwa wale waliokuwa wakivusha abiria kwa baiskeli kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nyingine. Chakula chetu ni ugali wa unga wa muhogo uliochanganywa na wimbi au mtama. Muhogo ukifa, nyumba inalala njaa na karo haipatikani.

Sasa swali lenyewe. Kwa zaidi ya miaka kumi, fedha za umma kutoka Uingereza na Marekani, pamoja na fedha za mifuko ya matajiri kama ule wa Bill na Melinda Gates, zimekuwa zikigharamia utafiti wa kusoma jenomu ya muhogo, yaani maandishi yote ya urithi yaliyomo ndani ya mmea huo. Wageni wanaleta fedha na mashine. Serikali zetu zinaleta vituo, ardhi na wataalamu. Wakulima wanaleta aina za muhogo walizozitunza wao na wazee wao, na baadaye wanaleta mashamba yao ya kujaribia. Huu ni ushirika. Je, kila mshirika anaondoka na nini, na nani aliandika hayo kabla ya jembe kugusa ardhi?

Maradhi mawili

Muhogo haupandwi kwa punje. Unakata shina vipande, unachomeka ardhini, basi. Uzuri wake ni kwamba jirani akivuna anakugawia mashina bure. Ubaya wake ni kwamba kama shina lina virusi, umegawiwa na virusi. Halafu wapo nzi weupe, wadudu wadogo wanaokaa chini ya jani, wanaobeba virusi kutoka shamba hadi shamba, na hawa hawasimami kwa afisa wa uhamiaji.

Ugonjwa wa kwanza ni batobato. Ulielezwa na wataalamu mwaka 1894 katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Kwa miaka mingi ulikuwa ni ugonjwa wa kuishi nao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aina kali mno ilizuka Uganda, ikashuka kusini na mashariki mwaka hadi mwaka. Teso iliona njaa. Kufikia 1995 ulikuwa umeingia magharibi mwa Kenya, na njia yake ilikuwa ni nchi yetu hii ya mpakani. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba nyuma yake kulikuwa na kirusi kipya, kilichotokana na virusi viwili vya muhogo kubadilishana vipande vya vinasaba vyao. Bila kusoma maandishi ya kirusi kile, wakulima na maafisa wangeendelea kulaumu udongo au mvua.

Ugonjwa wa pili ni michirizi ya kahawia. Huu ulielezwa mwaka 1936 huko Amani, Tanganyika, na kwa muda mrefu ukadhaniwa ni ugonjwa wa pwani na nyanda za chini tu. Mwaka 2004 ukaonekana katikati ya Uganda, mbali kabisa na bahari. Ni ugonjwa mbaya kwa sababu una hila. Majani yanaweza kuonekana yana afya. Mkulima anapalilia, anasubiri mwaka mzima, anang'oa, anakata kiazi na kukuta kahawia ngumu ndani, isiyolika wala kusagika. Waliosoma mlango wa mauzo watakumbuka mjadala wa aibu iliyofichika, ile isiyoonekana kwa macho wakati wa kuuziana. Sijui mfano ulio wazi zaidi ya shina la muhogo lenye michirizi.

Kutoka Amani hadi Namulonge

Watu wengine huzungumza kana kwamba utafiti wa fedha za umma umekuja na miradi ya juzi. Sivyo. Kituo cha Amani, kwenye milima ya Usambara, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na baadaye kikashikwa na Waingereza. Hapo, tangu miaka ya 1930, mtafiti H. H. Storey na wenzake walianza kuchanganya muhogo na jamaa zake wa porini ili kupata mmea unaostahimili batobato. Mmojawapo wa jamaa hao ulikuwa mti wa mpira wa Ceara, ambao Wajerumani waliupanda kwa wingi kwa ajili ya utomvu wake. Mti huo hauna kiazi cha kula, lakini ulikuwa na nguvu dhidi ya ugonjwa. Walichanganya, wakarudisha kwenye muhogo, wakachanganya tena, kizazi baada ya kizazi.

Katika miaka ya 1950 sehemu ya mazao ya kazi hiyo ilipelekwa Nigeria. Kituo cha kimataifa cha IITA kilipoanzishwa Ibadan mwaka 1967, watafiti wake walijenga juu ya msingi huo na kutoa aina zinazojulikana kwa herufi TMS. Batobato kali ilipoiangusha Uganda, aina hizo ndizo zilizoletwa. Ile iliyoitwa TMS 30572 ikapewa jina la Migyera na kuandikishwa kama NASE 3. Kwa hiyo kile kilichotoka Usambara kilikwenda Afrika Magharibi, kikarudi Afrika Mashariki baada ya miaka arobaini hivi, kikiwa na dawa ya maradhi ya nyumbani. Hakuna aliyesimama njiani kudai ushuru wa hakimiliki.

Na hapa ndipo elimu ya jenomu inaponipendeza. Watafiti waliposoma vinasaba vya muhogo ulioboreshwa wa Afrika katika miaka ya 2010, walikuta vipande vikubwa vya vinasaba vya ule mti wa mpira bado vimo. Kazi ya Amani inasomeka ndani ya mmea kama mhuri.

Sisemi kwamba ukoloni ulikuwa hisani. Waliolipa kodi hawakuulizwa, na wakulima ambao muhogo wao ulichukuliwa kuchanganywa hawatajwi popote, ilhali majina ya wazungu wa Amani yamo vitabuni. Hili nitalirudia, maana halijaisha.

Kusoma si kubadilisha

Kwenye mijadala yetu mambo mawili huvurugwa kuwa kitu kimoja, kwa hiyo tuyatenganishe.

La kwanza ni kusoma. Muhogo una jozi 18 za kromosomu, na maandishi yake yote yanakaribia herufi milioni 750. Rasimu ya kwanza ya maandishi hayo ilitolewa mwaka 2009 na taasisi ya jenomu iliyo chini ya Wizara ya Nishati ya Marekani, na ikawekwa wazi kwa kila mtu. Faida yake ni hii. Zamani mzalishaji wa mbegu alipochanganya mihogo miwili alilazimika kupanda watoto wao maelfu, kungoja mwaka, kung'oa, kuchagua, kupanda tena sehemu mbalimbali, na kuendelea hivyo miaka minane, kumi au zaidi kabla ya kumkabidhi mkulima aina moja. Sasa anachukua jani la mche mchanga, anasoma alama za vinasaba vyake, analinganisha na kumbukumbu za mihogo iliyokwisha kupimwa shambani, na anakadiria mche upi una matumaini kabla haujakomaa. Hakuna kilichoongezwa ndani ya mmea. Ni kuchagua, kama alivyochagua bibi yako, ila kwa macho makali zaidi.

Mradi mkubwa wa njia hii ni NextGen Cassava, ulioanza 2012 chini ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Wafadhili walikuwa Mfuko wa Gates na idara ya maendeleo ya kimataifa ya serikali ya Uingereza. Awamu ya kwanza ilipewa dola milioni 25.2, na awamu ya pili, mwaka 2018, dola milioni 35. Kwa Uganda washirika walikuwa kituo cha mazao cha Namulonge pamoja na Makerere. Nigeria walikuwa Umudike na IITA. Takwimu zake zimewekwa kwenye hazina iitwayo Cassavabase, ambayo mwanafunzi yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua usiku huu bila kulipa.

La pili ni kubadilisha. Mradi uitwao VIRCA uliunganisha Kituo cha Danforth cha Marekani na taasisi za taifa za utafiti wa kilimo za Uganda na Kenya, NARO na KALRO. Fedha zake zilitoka, miongoni mwa wengine, USAID na Mfuko wa Gates, na pia mfuko wa kampuni ya Monsanto. Huu ulitengeneza muhogo uliobadilishwa vinasaba ili ukinze michirizi ya kahawia. Na majaribio yake hayakufanyika mbali. Moja ya mashamba yaliyofungwa kwa ajili hiyo liko Alupe, Busia ya Kenya, mahali ambapo mtu wa kwetu anafika kwa bodaboda moja baada ya kuvuka. Mradi umetangaza kwamba mkulima hatatozwa ada ya hakimiliki.

Hukumu ya kisheria ya jambo hili la pili ilishajadiliwa. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha 15 huko Makka mwaka 1998, lilijuzisha kutumia uhandisi wa jeni katika kilimo na ufugaji, kwa sharti kwamba tahadhari zote zichukuliwe kuzuia madhara kwa mwanadamu, mnyama na mazingira, hata madhara ya muda mrefu. Sharti hilo ndilo la kushikilia. Anayepiga kelele kwamba ni haramu moja kwa moja hajalisoma azimio, na anayesema ni halali akanyamaza hapo hajalisoma lote.

Lakini swali langu si hilo. Hata tukikubali kwamba kusoma ni halali na kubadilisha ni halali kwa masharti, bado ushirika wenyewe unaweza kuwa mbovu. Nguruwe si sababu pekee ya kuharamika kwa biashara.

Khaybar

Mwaka wa 7 Hijria, baada ya kufunguliwa Khaybar, Mtume (s.a.w.) aliwaachia Mayahudi wa huko mitende na mashamba wayafanyie kazi kwa makubaliano ya nusu ya matunda na mazao. Hadithi hii ya Ibn Umar (r.a.) imo katika Bukhari na Muslim. Mambo mawili tu hapa. Kwanza, mshirika hakuwa Mwislamu, na halikuwa tatizo. Kwa hiyo anayepinga fedha za utafiti kwa sababu tu zinatoka kwa wasio Waislamu hana mguu wa kusimamia katika tukio hili. Pili, fungu lilitajwa mapema na lilikuwa ni sehemu ya kitakachopatikana. Mvua ikiwa nzuri wote wanapata. Mavuno yakiharibika wote wanakosa.

Abdullah bin Rawaha (r.a.) alitumwa kwenda kukadiria mavuno. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba wenyeji walimkusanyia mapambo ya wake zao ili awapunguzie. Akakataa, akaliita hilo rushwa, na wao wenyewe wakakiri kwamba kwa uadilifu wa namna hii ndipo mbingu na ardhi zinasimama. Mkaguzi wa hesabu za mradi hana kiigizo bora kuliko huyu, na angalia kwamba uadilifu wake uliwalinda pande zote mbili, si upande uliomtuma tu.

Ipo hadithi nyingine, ya Rafi' bin Khadij (r.a.), nayo ndiyo kiini cha darsa hili. Anaeleza kwamba watu wa Madina walikuwa wakikodisha ardhi kwa sharti kwamba mazao ya sehemu fulani, kwa mfano penye midomo ya mifereji, yawe ya mwenye ardhi, na mazao ya sehemu nyingine yawe ya mkulima. Wakati mwingine sehemu hii inatoa na ile inakauka. Mtume (s.a.w.) akakataza. Soma hapo taratibu. Mwenye ardhi alikuwa amejiwekea ukingo wa mfereji, pale pasipokosa maji. Mkulima aliachiwa bahati.

Najua msomaji wa madhehebu ya Shafi, na wengi wetu Afrika Mashariki ni hao, atanisimamisha. Katika Minhaj ya Imam Nawawi muzaraa peke yake haisihi isipokuwa ikifuata musaqat, na mukhabara, ambapo mbegu inatoka kwa mfanyakazi, haisihi. Imam Abu Hanifa naye aliizuia, ingawa wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, waliijuzisha na fatwa ikawa kwao. Ahmad aliijuzisha. Nawawi mwenyewe, kwa upande wa dalili, aliegemea kwenye kujuzisha. Sidai kwamba mkataba wa Cornell na Namulonge ni muzaraa. Ninachochukua ni ile sababu waliyokubaliana nayo wote, wanaojuzisha na wanaozuia: mshirika asijitengee pasipokosa maji huku mwenzake akibeba ukame.

Ukingo wa mfereji leo

Tutazame ushirika wa jenomu kwa jicho hilo. Mradi unaisha baada ya miaka mitano. Chuo cha nje kimepata sehemu yake ya gharama za uendeshaji, kila awamu. Mtafiti amechapisha makala. Mwanafunzi amepata shahada, na sisemi hili kwa kejeli, kwani wazalishaji wa mbegu wa Uganda na Nigeria waliosomeshwa hivi ni faida kubwa kwetu. Mashine imenunuliwa. Yote haya yanapatikana hata kama aina mpya ya muhogo itashindwa shambani. Hapo ndipo penye mdomo wa mfereji. Na mkulima wa Lunyo? Fungu lake linategemea aina hiyo istahimili, imfikie, isagike unga anaoutaka, isiwe chungu, na ikae ardhini bila kuoza wakati anasubiri karo ya muhula. Likikosekana moja, hana kitu, na mwaka wake umepita.

Haki ni kusema kwamba kazi hii imezaa matunda. Aina ya NASE 14 iliyotolewa 2011 na NAROCASS 1 iliyotolewa 2015 zimewapa wakulima ahueni dhidi ya maradhi yote mawili. NextGen ilikwenda vijijini kuuliza wanawake na wanaume wanataka muhogo wa namna gani. Na ulikuwepo mradi mwingine, ulioongozwa na IITA, ambapo nchi tano, yaani Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi na Msumbiji, kila moja ilitoa aina zake tano bora, zikasafishwa virusi kwenye maabara, kisha kila nchi ikajaribu za wenzake. Huo kwangu ndio ushirika unaofanana na Khaybar kuliko mwingine wowote niliousoma: kila mmoja anaweka kitu mezani na kila mmoja anajua anachoondoka nacho.

Tatizo kubwa zaidi la ukingo wa mfereji limeonekana pale mfadhili anapoondoka. Mwaka 2020 idara ya maendeleo ya Uingereza ilivunjwa na kuingizwa wizara ya mambo ya nje, na mwaka uliofuata misaada yao ikashushwa kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5. USAID ikafungwa rasmi tarehe 1 Julai 2025. Mfadhili akiondoka msimu ukiwa katikati, yeye hapotezi shamba. Katika muzaraa sahihi kuna mjadala mrefu kuhusu nani anaruhusiwa kujitoa na lini, na wanazuoni waliangalia sana kama mazao yameshachipua. Mikataba ya misaada haina mlango huo.

Lakini tusiwalaumu wageni tu. Mwaka 2003 huko Maputo viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo. Wakarudia ahadi Malabo mwaka 2014. Uganda na Kenya zimekaa chini ya kiwango hicho mwaka baada ya mwaka. Mshirika asiyeleta fungu lake hana sauti ya kuuliza mavuno yamekwenda wapi, wala ya kuchagua ni sifa gani ya muhogo ishughulikiwe kwanza, unga wa ugali wetu au wanga wa viwanda. Aliyeleta mbegu ndiye anayechagua mbegu. Na ahadi ni ahadi. Aya ya kwanza ya Suratul Maida inaanza kwa kuwaamrisha walioamini watimize mikataba, na sijaona mfasiri aliyewatoa mawaziri wa fedha.

Shamba moja, sheria mbili

Mpakani jambo hili lina ncha kali zaidi. Kenya ina sheria ya usalama wa kibayolojia tangu 2009, na Juni 2021 mamlaka yake iliidhinisha ule muhogo wa VIRCA uendelee na majaribio nje ya uzio. Oktoba 2022 serikali iliondoa marufuku ya vyakula vya aina hiyo iliyokuwepo tangu 2012, na mashauri yakafuata mahakamani. Uganda, Bunge lilipitisha mswada mwaka 2017, Rais akaurudisha. Likapitisha mwingine 2018, akaurudisha tena 2019. Sasa chukua shina la muhogo lililokatwa kwa shangazi upande wa Kenya, likafungwa kwenye baiskeli, likavuka Mto Sio na kuchomekwa Lunyo jioni ile ile. Ni jambo linalofanyika kila mwanzo wa mvua, na hakuna afisa atakayelizuia. Wanasheria wa pande mbili wanaandika kama kwamba kuna ukuta pale. Katika mikataba hii yote sijaona kipengele kimoja kinachomtaja shangazi.

Ndiyo maana naona wanafunzi wa kilimo na wanafunzi wa dini wa jumuiya yetu wana kazi ya kufanya pamoja. Kwa upande wa juu ni kusoma mikataba na kuuliza fungu la mkulima limeandikwa wapi. Kuhusu takwimu zenyewe za jenomu, kiigizo kipo: wakfu wa Umar bin Khattab (r.a.) wa ardhi yake ya Khaybar. Asili ilizuiwa, isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe. Mazao yakaenda kwa mafukara, jamaa na wasafiri, na msimamizi akaruhusiwa kula kwa wastani. Maandishi ya jenomu yaliyowekwa wazi yamekaribia sana hali hiyo, na mfadhili yeyote akitaka kuyafungia siku za mbele, tunayo hoja ya miaka elfu na mia nne ya kumpinga nayo.

Kwa upande wa chini lipo jambo ambalo misikiti yetu inaweza kulianza kwa ekari moja. Wakfu katika madhehebu yetu unataka kitu kinachonufaisha huku chenyewe kikibaki, kwa hiyo ardhi ndiyo inayowekwa wakfu, na mashina safi ya muhogo yanakuwa manufaa yake. Ukipanda mita moja kwa mita moja, ekari inachukua miche kama 4,000. Mche uliokomaa unatoa vipande kumi hivi vya kupanda. Kwa hiyo ekari moja ya mbegu safi, iliyo mbali na muhogo mzee wa majirani, iliyokaguliwa na kung'olewa kila mche wenye dalili, inaweza kupanda ekari kumi mwaka unaofuata.

Hapo ndipo pa kuwa waangalifu. Miradi mingi ya mbegu humpa mkulima furushi moja na kumtaka arudishe mawili msimu ujao. Nia ni njema, lakini ukilitazama ni mkopo wenye nyongeza iliyoshurutishwa, na hilo ni riba hata kama kinachokopeshwa ni vijiti. Afadhali masharti yawe ya fungu, kwa rai ya wanaojuzisha: theluthi ya mashina yatakayokuwa mazima siku ya kuvuna irudi kwenye wakfu ipewe familia nyingine. Shamba likiharibiwa na michirizi, theluthi ya sifuri ni sifuri, na mkulima hadaiwi kitu. Namna ya kuandika sharti hilo ili lisihi kwa Shafi pia tumeiweka kuwa swali la halaka ijayo, na wanafunzi wa kilimo watakuja na vipimo vya shamba. Wallahu aalam.